Ugonjwa Aliomvika Mkewe

Leodgar Wanzagi alikuwa mwashi wa Mwitongo, pale Butiama, na kwa zaidi ya miaka ishirini watu walimtambua kwa mgongo hata kabla hajageuka. Akifika kazini alivua shati, akalitundika kwenye nondo, ndipo aliposhika mwiko. Matangi ya maji ya shule mbili, nyumba za watu huko Buswahili, ukuta mrefu wa mashine ya kusaga, vyote alivijenga kifua wazi. Akiwa na miaka hamsini na mbili bado alibeba mfuko wa saruji begani kama mtu aliyebeba mtoto.

Kwa hiyo alipoanza kufanya kazi amevaa shati, tena limefungwa vifungo hadi shingoni, vibarua wake waliona. Mmoja akamtania kwamba fundi sasa anataka upadri. Leodgar akacheka nao. Chini ya shati lile, nyuma ya chuchu ya kushoto, palikuwa na kitu kigumu. Mwanzoni kilikuwa kama punje ya hindi, akadhani ni jipu. Baada ya mwaka kilikuwa kama mbegu ya parachichi, na chuchu yenyewe ilikuwa imevutwa ndani.

Kingekuwa mgongoni au pajani, angemwonyesha mtu siku ya kwanza. Lakini pale? Mwanaume anaumwa ziwa? Hata kichwani mwake hakujua aanzie wapi kulisema jambo hilo.

Aliyeligundua ni mkewe, Yuliana, siku anafua.

"Baba Gloria, hii damu ya nini?"

"Nimejikwaruza na nondo."

"Nondo inakukwaruza mahali pamoja kwenye mashati matatu?"

Hakusubiri jibu. Alimsogelea, akamfungua vifungo mwenyewe kwa mikono yenye povu, akatazama. Hakupiga kelele. Alivifunga tena, kimoja kimoja, kisha akasema, "Kesho tunaenda Musoma."

Musoma, katika hospitali moja waliyoelekezwa, waliambiwa wakae kwenye benchi la kliniki ya matiti. Wanawake walikuwa kumi na saba, na Leodgar. Waliokaa karibu walisogea kidogo kumpisha, wakidhani amemsindikiza mkewe. Muuguzi akatoka na rundo la kadi, akasoma bila kuinua macho, "Mama Wanzagi!" Yuliana akamtazama mumewe. Muuguzi akarudia kwa sauti zaidi, "Mama Wanzagi yupo?" Leodgar akasimama. Hatua sita kutoka benchi hadi mlangoni, lakini alihisi macho ya wanawake wote kumi na saba yakimshika kisogoni kama mikono. Muuguzi alipomwona akaomba radhi, tena kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomchoma kuliko kama angecheka.

Walimpima kwa mashine ya ultrasound, wakachukua kinyama kwa sindano. Majibu yalipotoka waliitwa tena, wakapewa bahasha kubwa ya kaki na barua ya rufaa ya kwenda Mwanza. Daktari alilitaja jina la ugonjwa waziwazi: saratani ya titi. Akaongeza kwamba wanaume nao hupata, ni wachache tu, na wengi wao huja wamechelewa kwa sababu ya aibu.

Siku hiyo hiyo, waliposhuka Butiama, aliyekuwa amesimama pale kituoni ni Baltazar, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya kanisa. Baltazar alikuwa mtu mwema, na ubaya wa mtu mwema ni kwamba anauliza.

"Fundi! Bahasha hiyo ya hospitali. Nani anaumwa?"

Leodgar alifungua kinywa. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka, aliapa kwamba hakuwa amepanga. Neno lilitoka lenyewe.

"Mama Gloria."

"Maskini! Anasumbuliwa na nini?"

"Ziwa."

Baltazar akamgeukia Yuliana kwa huruma. Yuliana alikuwa na nafasi ya kusema. Leodgar alimwona akivuta pumzi. Kisha akauvuta mtandio wake, akaukunja kifuani, akajifunika vizuri. "Ndiyo, mwenyekiti," akasema. "Mtuombee."

Walipofika nyumbani Leodgar akasema, "Nitawaambia ukweli nikitoka Mwanza." Yuliana akajibu, "Sawa," akaingia jikoni.

Mwanza alilazwa wiki moja, nyumbani watu wakiambiwa amekwenda kumtafutia mkewe nafasi ya matibabu. Huko kulikuwa na utafiti uliokuwa ukiendelea, na Daktari Sabina, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alimweleza kwamba kama ataridhia, watampiga picha ambayo si kila mgonjwa anaipata: picha ya mishipa ya damu inayoota ndani ya uvimbe. Wataipiga kabla ya dawa na baada ya dawa, wajue mapema kama dawa inafanya kazi. Leodgar akatia saini. Alifikiri, angalau utafiti hauna majirani.

Mtaalamu wa picha aliitwa Mayala. Alimchoma sindano mkononi, akamwambia asubiri kama saa moja ili dawa itembee mwilini, kisha akamlaza chini ya kamera kubwa ya mionzi. Walipomaliza, Leodgar akaomba aone. Mayala akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mwili ulionekana kama kivuli hafifu, ila upande wa kushoto wa kifua paliwaka, na chini ya kwapa paliwaka vidoa viwili vidogo.

"Huyu ndiye yeye?"

"Si yeye mwenyewe. Ni mishipa yake," Mayala akasema. "Uvimbe ukiwa mdogo sana unaishi kwa kidogo kinachoupitia. Ukitaka kukua unahitaji damu yake wenyewe. Basi unatoa ishara, na mishipa iliyo jirani inaisikia, inaanza kuchipua matawi kuuelekea. Mishipa michanga, haijakaa sawa, inavuja. Ile dawa niliyokuchoma inakwenda kunasa kwenye mishipa michanga kama hiyo, na ina mionzi kidogo, ndiyo kamera inaiona. Kwako ni mingi, mzee wangu. Sikufichi."

"Inachukua muda gani kuota yote hiyo?"

"Hii si ya mwezi mmoja."

Leodgar alikaa pale akikitazama kile kilichowaka. Mwaka mzima alikuwa akifunga vifungo, na mwaka mzima mwili wake ulikuwa ukikilisha. Alijisikia kama mtu aliyefumaniwa. Hata mbele ya Mayala, ambaye hakumlaumu kwa lolote, aliinamisha kichwa.

Kabla hajaruhusiwa, Daktari Sabina alimuuliza habari za ukoo. Leodgar akakumbuka kwamba mama yake alikufa yeye akiwa darasa la sita, ana kidonda kifuani ambacho watu wazima walikiita kazi ya maadui. Daktari akaacha kuandika.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Mmoja, mdogo wangu. Fredi. Yuko Guta, kule Bunda. Analima."

"Na watoto?"

"Binti mmoja, Gloria. Mwalimu, yuko Musoma."

"Sikiliza, mzee. Ugonjwa huu kwa mwanaume, na mama naye inaelekea alikuwa nao, mara nyingi ni kitu kinachorithiwa. Waambie wote wawili waje wapimwe. Usichelewe."

"Nitawaambia," Leodgar akasema.

Hakuwaambia.

Alirudi Mwitongo akakuta uongo wake umeshapata wenyewe. Jumuiya walikuwa wamekuja na unga, sukari, kuku wawili. Mama Rhobi, mjane wa nyumba ya tatu, alikuwa amemkataza Yuliana kugusa ndoo. Kila asubuhi alimletea maji mwenyewe, akiwa na miguu yake inayouma. Wanawake walikaa na Yuliana uani, wakamsimulia habari za waliopona. Kwaya walimwambia apumzike, sauti yake watamtunzia. Yuliana aliitika yote, na kila alipoitika alimtazama mumewe kidogo tu, kisha akaangalia pembeni.

Dawa zilipoanza, za kwenda na kurudi Mwanza kila wiki ya tatu, watu wakiambiwa anamfuatia mkewe dawa, nywele za Leodgar zikatoka. Akanyoa kipara. Na hapo ndipo jambo likageuka kuwa baya kuliko alivyolianza, kwa maana watu walimsifu. "Fundi amenyoa kwa uchungu wa mke wake," walisema. Alipokonda walisema anakonda kwa mawazo. Aliposhindwa kumaliza ukuta wa Buswahili walisema hawezi kumwacha mgonjwa peke yake. Jumapili moja, baada ya misa, Baltazar alimshika bega mbele ya wanaume wengine, akasema, "Wanaume wa namna hii wamebaki wachache. Tujifunze." Leodgar akatazama viatu vyake. Nyuma ya kundi lile alisimama Yuliana, amejifunga kilemba kikubwa kuficha nywele zake ambazo zilikuwa nyingi na nzima.

Gloria alikuja likizo ya Aprili akilia tangu mlangoni. Alisisitiza kumwogesha mama yake. Leodgar alikaa nje ya bafu la mabati, akasikia maji, akasikia binti yake akisema, "Mama, ni upande gani?" Kisha sauti ya Yuliana: "Wa kushoto. Usiguse sana."

Gloria alipoondoka, Yuliana alikaa kwenye kigoda akiwapukuchulia kuku mahindi.

"Watu wa jumuiya nimewadanganya," akasema, "hilo nitalipeleka kwenye maungamo. Lakini mtoto wangu? Nimemdanganya nikiwa uchi mbele yake. Baba Gloria, hii sitarudia."

"Nisubiri nifanyiwe upasuaji. Nikipona nitasema."

"Na usipopona? Mimi nitabaki naumwa ziwa mpaka lini?"

Leodgar aliondoka, akaenda kusimama kwenye migomba hadi kichefuchefu cha dawa kilipompitia.

Mwishoni mwa Juni akapigwa picha ya pili. Mayala alimwita kwa furaha kama mtu mwenye zawadi. Pale palipokuwa panawaka palikuwa pamefifia, vidoa vya kwapani havikuonekana. "Mishipa inakufa, mzee! Dawa imeushika." Daktari Sabina naye alitabasamu, akapanga upasuaji uwe Agosti. Kisha akafungua faili.

"Yule mdogo wako wa Bunda, na binti, uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakapimwa?"

"Wamepimwa, daktari. Wazima wote."

Daktari akaandika. Leodgar aliitazama kalamu ikitembea kwenye karatasi mpaka mwisho wa mstari. Angeweza kuisimamisha wakati wowote. Alimwongopea mwenyekiti kwa kushtukizwa. Huyu alimwongopea polepole, akiwa amekaa, amepewa kiti.

Basi la kurudi lilipofika Bunda, aliteremka bila kupanga. Akachukua bodaboda mpaka Guta.

Nyangi, mke wa Fredi, alikuwa anaanua mtama. Alimpokea mkoba. "Karibu, shemeji! Dada Yuliana anaendeleaje?"

"Yupo. Fredi je?"

"Yuko ndani. Siku hizi huwaga anashinda ndani tu. Anasema ni homa, hospitali hataki." Akapunguza sauti. "Na ameniambia nilale chumba cha wasichana."

Fredi alikuwa amekaa kitandani, saa nane ya mchana, amevaa koti zito. Chumba kilikuwa na harufu ambayo Leodgar hakuwahi kuinusa tangu darasa la sita, na pua iliitambua kabla yeye hajaitambua. Akakaa kwenye gunia la mtama.

"Pole na shemeji," Fredi akasema. "Ugonjwa mbaya ule."

"Fredi, vua koti."

"Nina baridi."

"Bunda hii? Vua koti, mdogo wangu."

"Kaka, niache."

Leodgar alifungua vifungo vyake, akaliachia shati, akamwonyesha kifua: chuchu iliyozama, ngozi iliyobabuka, uvimbe uliosinyaa. Fredi alitazama muda mrefu, kinywa wazi. Kisha akaanza kulia bila sauti, na mikono ikafungua koti. Upande wa kulia, uvimbe ulikuwa umeshapasuka. Alikuwa ameufunika kwa kitambaa cha kanga ya mkewe.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi. Nilitaka kukuambia. Februari nilifika mpaka stendi ya Bunda nije kwako, nikaogopa, nikarudi. Halafu nikasikia shemeji anaumwa ziwa. Nikasema, kumbe ndiyo ugonjwa wao wanawake, sasa mimi umenipataje? Nikajua nimerogwa nigeuzwe mwanamke. Ningemwambia nani?" Akafuta uso. "Kaka, ungeniambia ni wewe, ningekuja siku hiyo hiyo. Kwa miguu ningekuja."

Kesho yake asubuhi Leodgar alirudi Mwanza na mdogo wake. Alimkuta Daktari Sabina kwenye korido, akamwambia yote akiwa wima: kwamba hakuwaambia, kwamba hakuna aliyepimwa, kwamba yule aliyemtaja kuwa mzima ndiye huyu. Daktari hakumgombeza. Alichukua faili, akakata ule mstari kwa kalamu, akaandika upya, kisha akamwinamia Fredi na kumsalimia kwa jina. Picha za Fredi zilionyesha kuwaka kifuani, kwapani, na kwenye mapafu yote mawili. Mayala safari hii hakuita mtu kuangalia. Leodgar alikwenda mwenyewe, akasimama nyuma yake, akatazama hadi kioo kilipozimwa.

Kutoka hapo hapo hospitalini alimpigia Gloria simu. Alimweleza yote.

"Nilimpapasa mama," Gloria akasema. "Nikasikia kidonge. Baba, nilisikia kabisa kidonge. Nimekaa miezi miwili na hicho kidonge mkononi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakuja kupimwa. Hayo mengine sijui."

Jumuiya walikutana nyumbani kwa Baltazar Jumamosi iliyofuata. Leodgar aliomba aseme kabla ya rozari kuanza, kwa sababu alijua akishasali kwanza hataweza. Yuliana alikaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Alikuwa amekuja bila kilemba.

"Ndugu zangu, Yuliana haumwi," akasema. "Hajawahi kuumwa. Mwenye ugonjwa wa ziwa ni mimi. Nilimvika mke wangu kwa sababu niliona haya, na yeye akavaa. Nywele sikunyoa kwa uchungu wake, zilitoka kwa dawa. Na mdogo wangu Fredi yuko Mwanza anakufa, kwa sababu alisikia ule uongo akaamini ni ugonjwa wa wanawake."

Baltazar alikuwa ameishika rozari akiizungusha punje moja ile ile. Mama Rhobi ndiye aliyeuliza kwanza.

"Sasa yale maji yote niliyobeba yalikuwa ya nini?"

Yuliana akapiga magoti mbele yake. Mama Rhobi akamshika mkono. "Wewe inuka. Si wewe uliyelianzisha." Kisha akamgeukia Leodgar aliyekuwa anatafuta mlango kwa macho. "Na wewe fundi, kaa. Unataka kwenda wapi? Kaa hapa tukuangalie."

Akakaa. Walimwangalia. Alisema baadaye kwamba upasuaji wa Agosti haukumwuma kama rozari ile, makumi yote matano, akiwa amekaa katikati ya watu waliomjua sasa. Lakini walipofika mwisho, Baltazar alitaja nia ya sala, na kwa mara ya kwanza aliitaja sawasawa: kwa ajili ya Leodgar na Fredi, wanaoumwa ziwa. Watu wakaitikia. Mzee mmoja wa nyuma alimfuata nje wakati wa kutoka, akamwuliza kwa kunong'ona kitu kama hicho kinaanzaga vipi, akiwa ameweka mkono kifuani kana kwamba anajikuna. Leodgar alimpeleka Musoma Jumatatu. Lilikuwa jipu tu.

Fredi alifariki Novemba, mvua za vuli zilipokuwa zimeshika. Leodgar alijenga kaburi kwa mikono yake, taratibu, kwa sababu mkono wa kushoto baada ya upasuaji haukupanda juu ya bega. Wazee wa ukoo walitaka isemwe kwamba ni kifua kilimsumbua. Yeye akasema hapana, akasimama mvuani akaeleza ni nini kilichomuua ndugu yake, na kwamba yeye alijua miezi mitatu asiseme.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Nyangi alimkuta anaosha mwiko. Macho yake yalikuwa makavu.

"Daktari alikuambia lini umwambie mume wangu?"

Angeweza kusema hakumbuki.

"Machi. Tarehe ishirini na nane."

Nyangi alihesabu kimyakimya, midomo ikicheza. Alipomaliza aliokota jembe lake akaenda shambani.

Mabinti watatu wa Fredi Leodgar aliwapeleka kupimwa Januari, na Gloria aliomba ruhusa shuleni akaenda nao. Wanne wote walikutwa salama, wakaambiwa warudi kila mwaka. Leodgar mwenyewe anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na Yuliana amerudi kwenye kwaya. Wanaishi vizuri, ingawa akimwambia jambo lolote, hata kwamba saruji imepanda bei, Yuliana humtazama kwanza machoni kabla ya kuitikia.

Guta anakwenda mara moja kwa mwezi. Nyangi humpa kiti, humpa uji, humuuliza habari za njiani. Ila neno shemeji halijatoka kinywani mwake tena. Humwita fundi, kama watu wote.